Sauti ya Sisi

Sikuwahi kuipenda ile katuni ya Bhavik, na nilimwambia hivyo waziwazi. Bhavik alikuwa na studio ya kupiga video za harusi hapa mtaani kwetu Free Area, na mume wangu Wanyoike ndiye aliyekuwa fundi wake wa sauti. Mwaka wote wa 2007, harusi zikikosekana, walikuwa wanashinda kwa kompyuta wakichora watu wa sayari fulani ambao wanaungana akili. Mtu anashika mkono wa mwenzake, macho yanageuka meupe, na kutoka hapo hana jina wala mama. Wote wanaitwa Sisi. Ati ni ya watoto! Mimi nikiitazama nilikuwa nasikia baridi mgongoni, na Wanyoike ananicheka mpaka kile kifua chake kinaanza kumkohoza.

Shida ilikuwa sauti ya huyo Sisi. Bhavik alitaka umati unaoongea kwa mdomo mmoja, kwa hivyo wakaita majirani na jamaa. Kila mtu aliingia peke yake chumba cha kurekodi, akavaa hedifoni, akamsikiliza Wanyoike na kumfuata sambamba: "Hakuna mimi. Tuko sisi." Unapumua anapopumua, unanyamaza anaponyamaza. Halafu sauti zote zinalazwa moja juu ya nyingine. Kibii, binamu yangu anayepakia viazi kwa malori kule Molo, alikuwa anaangua kicheko kila akifika hapo kwa "sisi", hadi Bhavik akamrushia kiatu. Na mimi nilikuwa mbaya zaidi.

"Linah, unatokea!" Bhavik alipiga kelele. "Nasikia wewe tu!"

"Sasa ulitaka usikie nani, na ni mimi naongea?"

Wakaikata sauti yangu kwa rekodi. Sikujali hata kidogo.

Halafu uchaguzi ukaharibika, makabila yakaanza kuchomeana nyumba. Januari tukawa tunaamka tunaangalia moshi uko upande gani. Bhavik alienda kwa jamaa zake Nairobi akatuachia funguo, kwa sababu chumba cha kurekodi hakikuwa na dirisha na mlango wake ulikuwa wa chuma. Tukahamia humo studio. Mimi ni Mkalenjin, Wanyoike ni Mkikuyu. Ng'ambo ile ya mji kulikuwa na vijana wanaotafuta watu kama mimi, na huku kwetu kulikuwa na wanaotafuta watu kama yeye. Tulikuwa tumeoana miaka yote hiyo na hakuna siku niliwahi kuyafikiria maneno hayo mawili kwa pamoja.

Hao wa huku kwetu walikuja mchana, jua likiwa kali. Niliwasikia kabla sijawaona. "Watoke! Watoke!" Haikuwa kelele ya watu, maana kelele ya watu huwa na anayechelewa na anayetangulia. Hii ilipanda na kushuka pamoja, na miguu nayo hivyo hivyo. Woi! Nilimsukuma Wanyoike ndani nikamwambia apige komeo na asitoe hata pumzi, kisha nikaenda kusimama mlango wa mbele kabla hawajauvunja.

Aliyekuwa mbele ni Kibii. Haki ya Mungu, nilifurahi! Nikajua tumepona.

"Kibii, niaje? Mbona hivi?"

"Tumeambiwa huyo mtu ako ndani."

Huyo mtu. Mtu aliyekuwa anamwita shem, aliyekula kwake Krismasi!

"Ameenda Naivasha, Kihoto, kwa dadake. Nani amekuambia ako hapa?"

"Tumeambiwa."

"Wewe, nakuuliza wewe. Kibii wa shangazi. Wewe unataka nini?"

"Tunataka kuangalia ndani."

Nilitafuta kicheko chake popote kwa huo uso nikakikosa. Alikuwa ananiangalia na hanioni. Na nyuma yake kulikuwa na nyuso nyingine, kadhaa nilizijua, zote zimekuwa uso mmoja. Nyinyi mnaosoma msiniambie mngefanya hivi au vile. Hamkuwa pale.

Hapo ndipo Wanyoike akakohoa.

Kidogo tu, nyuma ya chuma. Kibii akainua kichwa. Nami nikafungua mdomo nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Watoke! Watoke!", nifunike kile kikohozi. Wote wakaidaka ile sauti, Kibii naye, na kundi likageuka nami ndani yake. Mkono wa kushoto ukashikwa, wa kulia ukashikwa, na tukatoka barabarani. Sawa, nikawaza, nawaondoa hapa. Niwafikishe kwa kona tu, kisha nichomoke.

Kona ikapita. Sikuchomoka. Nasema hili na bado linanitia hofu kuliko mapanga waliyokuwa wameshika: ule woga uliisha. Tulipiga hatua na mguu wangu ulikuwa pale tayari. Tulipumua. Sauti yangu niliitafuta masikioni nikaikosa, na sikuitamani. Kama mngeniuliza wakati huo mume wangu anaitwa nani, sijui kama ningejibu.

Tukavunja mlango fulani. Mama akatoka mbio, na alikuwa Mugure, yule jirani wa kuuza uji. Akanitazama.

"Linah?" akasema.

Alikuwa ananiita kama mtu anayeuliza jina la mgeni. Nikasimama, wa nyuma wakanigonga. Kisha risasi za polisi zikalia hewani, umati ukapasuka, Mugure akaruka ua la jirani, na mimi nikakimbia hadi studio bila kuangalia nyuma.

Nikaugonga mlango wa chuma. "Wanyoike, fungua! Wameenda!"

Nikausukuma kwa bega.

"Ni mimi, bana! Fungua!"

"Nyinyi ni wangapi?" aliuliza.

"Niko peke yangu! Kwani unaniogopa? Nilikuwa nafunika kikohozi chako!"

"Hapo mwanzo, najua," akasema. Sauti yake ilikuwa chini, ya mtu aliyejikunja pembeni. "Lakini mliendelea. Niliwasikia mpaka huko mbali."

Nikaanza kulia, nikagonga tena, nikagonga zaidi, chuma kikawa kinalia.

"Linah," akasema, "weka chini hiyo kitu unagonga nayo."

Nikaangalia mkono wangu. Nilikuwa nimeshika jiwe. Sijui ni nani aliyenipa, na sijui nilikimbia nalo kutoka wapi.

Nikaliweka sakafuni. Nikamwambia nimeliweka. Komeo halikusonga.