Kijiko cha Tatu

Feisal alidungwa sindano ya surua Jumatatu, alipotimiza miezi tisa. Nzisa, muuguzi wa zahanati, alimweleza mama yake, Twaiba, bila haraka: "Wiki ijayo huenda akapata homa. Watoto wachache sana, homa hiyo huwatia degedege. Ikitokea mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Itapita yenyewe. Kisha mlete."

Siku ya nane homa ikaja, mchana, jua la Majoreni linachoma. Twaiba alikuwa akimpangusa kwa kitambaa cha maji, mara mtoto akageuza macho, akakakamaa, akaanza kutetemeka. Akamlaza ubavu vile vile alivyoambiwa.

Mavyaa yake, Bi Maimuna, akaingia na kikombe cha mizizi iliyochemshwa.

"Kashukiwa na nyuni huyo, yule ndege wa degedege. Mwinue anywe."

"Mama, muuguzi kasema asitiwe kitu mdomoni."

"Muuguzi kazaa wangapi?"

"Hajazaa."

"Haya, wafunzwa kulea na asiyelea. Mimi saba nimewanywesha dawa hii, na mmoja wao ndiye aliyekuoa, kwa bahati yake mbaya. Panua huo mdomo. Ama nimwambie Swabir ulikaa ukimtazama mwanawe akifa?"

Twaiba alikuwa na miaka kumi na tisa, na nyumba haikuwa yake. Alimpakata mtoto, akampanua taya kwa vidole viwili. Kijiko cha kwanza kikaingia, na cha pili. Cha tatu kikakoroma kooni. Kutetemeka kukakoma, kama Nzisa alivyosema kutakoma. Na pumzi nazo zikakoma.

Kilioni Bi Maimuna alilia hasa, maana mjukuu alimpenda, hilo halina ubishi. "Ile sindano," aliwaambia wanawake, "ndiyo iliyomwita nyuni."

Menza, jirani, akajisogeza kwenye mkeka wa Twaiba, mtoto wake wa miezi minane yuko mgongoni.

"Mwenzangu, pole. Wangu zamu yake mwezi ujao. Nambie kweli, ni sindano?"

Bi Maimuna aliacha kulia, akatega sikio. Twaiba alivificha vidole vyake ndani ya leso.

"Ni sindano," alisema.

Menza akamkaza mtoto mgongoni. "Mungu akulipe, dadangu. Umeniokolea wangu."