Mguu Uliopoa Mchana

Mama alingoja nyonga mpya miaka mitatu. Nyonga yake ya kushoto iliharibika kidogo kidogo tangu siku alipoanguka kutoka juu ya lori tulipokimbia vita kwetu Fizi, na mwishowe hakuweza hata kukaa kwenye benchi la kanisa bila kushikwa na watu wawili. Kliniki ya kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka, ilimwandikia barua, barua ikapotea, wakaandika nyingine. Siku walipomwita hospitali Lilongwe, majirani walijaa uani kutuaga. Mama akawaambia kwamba siku ya kurudi ataingia kanisani akicheza, na anayekaa karibu na njia avute miguu yake mapema.

Mama Kirezi, jirani yetu Mrundi, alinipa soksi mbili za sufu.

"Mutu aliyepasuliwa ni sawa na mama aliyezaa," aliniambia. "Baridi isimuingie. Umufunike miguu hata jua ikiwaka. We Carelle, unasikia ao unanitazama tu?"

"Nasikia, mama."

"Ee! Kumbe iko na sauti!"

Wote walicheka, nami nikacheka kidogo. Niliacha shule darasa la tano, na hata nilipokuwa naenda, mwalimu alikuwa akinihesabu kuwa sikuja. Lakini Kichewa, lugha ya wenyeji, nilikijua kwa sababu ya kuuza nyanya sokoni, na mama hakujua zaidi ya kusema zikomo, yaani asante. Kwa hiyo nilikwenda mimi kumlinda na kuwa mdomo wake.

Hospitali siitaji jina. Ilikuwa na watu wema.

Walimpasua Jumanne asubuhi. Kabla ya saa sita walimrudisha wodini, amelala chali na mto katikati ya magoti. Walikuwa wamemchoma dawa ya mgongoni, ile inayoua miguu tu, kwa hiyo alisikia kazi yote.

"Balikuwa banagonga kama maseremala," alisema akitabasamu. "Mi nikafikiri banatengeneza kitanda."

Saa nane mchana nilimwosha miguu. Wa kulia ulikuwa na joto. Wa kushoto ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na vidole vyake vyeupe kana kwamba vimepakwa unga.

"Mama, mguu huu ni baridi."

"Mi siusikii hata kidogo. Ni ile sindano. Balisema itaisha jioni."

"Nimwite sista?"

"Usimuite. Tumefika jana, leo tunaanza kusumbua? Batasema bakimbizi banapenda kulalamika. Kesho kitanda batamupa mutu wao. Funika tu."

Nikachemsha maji kule kwenye majiko ya walezi, sisi tunaouguza wagonjwa. Niliukanda mguu kwa kitambaa cha moto, nikauvalisha soksi, juu yake kitenge, juu ya kitenge blanketi. Nilipomaliza nilijiona mtoto mwema sana.

Saa kumi na moja sista alipita. Alikuwa peke yake, na wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido. Alipima presha, akaangalia bandeji kama ina damu. Haikuwa na damu. Akaniuliza kwa Kichewa mama anaendeleaje.

"Mwambie niko muzuri," mama akasema.

"Ali bwino," nikasema.

"Vidole vinacheza?" sista akauliza, nami nikamgeuzia mama.

"Sema bado ni sindano."

Nikasema bado ni sindano. Sista alilitazama lile blanketi. Neno lilifika kwenye meno yangu: ni baridi, dada, njoo ushike. Lakini mgonjwa wa kitanda cha dirishani alitapika, sista akamkimbilia, na mimi nikalimeza neno langu. Sikumfuata.

Asubuhi nilimkuta mama akiuma ncha ya shuka kwa maumivu. Muundi ulikuwa mgumu kama mti. Daktari wa mifupa alikuja saa moja, akafunua blanketi, akafungua kitenge, akavua soksi. Alimwita sista karibu. Aliweka vidole juu ya wayo, akapeleka nyuma ya goti, akapeleka kinenani. Kisha akaleta kifaa kidogo kinachosikilizisha damu ikitembea. Kwenye mguu wa kulia kilipiga kama mtu anayefagia kwa haraka. Kwenye wa kushoto kilitoa sauti ya upepo mtupu.

Alizungumza Kiingereza, sista akanigeuzia kwa Kichewa, mimi nikampa mama kwa Kiswahili. Mshipa mkubwa wa damu unapita karibu sana na nyonga. Walipokuwa wanavuta nyama kando ili wapate njia, mshipa uliumia kwa ndani. Haukumwaga damu nje, uliziba. Ni jambo linalotokea mara chache sana. Sasa daktari anauliza: mguu ulianza kuwa baridi saa ngapi?

"Mwambie ni asubuhi hii," mama akasema.

"Mama..."

"Akijua ni tangu jana, ataukata. Nimeona macho yake."

Sista aliendelea. Kama ni saa chache, daktari ataufungua mshipa na damu itarudi. Kama ni tangu jana, nyama imekwisha kufa, na damu ikipita mle itabeba sumu mpaka moyoni. Mama anaweza kufia mezani.

Nilimwambia mama yote hayo, sikuficha hata moja. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vyangu vikauma.

"Ni mguu wangu," alisema. "Nimeungoja miaka tatu. Sema asubuhi."

Daktari alikuwa ananitazama. Sista alikuwa ananitazama. Nilikuwa sijawahi kusema neno ambalo mama hakunipa.

"Tangu jana, saa nane mchana," nikasema kwa Kichewa. "Mimi ndiye niliyeufunika."

Mama hakujua Kichewa, lakini maneno ya siku na saa kila mkimbizi huyatambua. Aliuachia mkono wangu.

Walimletea karatasi ya kukubali. Aligeuza uso, hakukubali, hakukataa. Wakaniletea mimi. Niliandika jina langu kwa herufi kubwa kubwa, na kalamu ikatoboa karatasi.

Walimkata juu ya goti siku ile ile. Nyonga mpya ilibaki mle ndani, nzima, haina mguu wa kubeba. Daktari alinifuata kwenye korido na sista wake, akasema kosa si langu, mshipa uliumizwa na mkono wake yeye. Alilisema mara mbili. Nilimshukuru. Lakini najua kwamba kati ya saa nane na saa kumi na moja mguu ulikuwa bado mguu.

Tulirudi Dzaleka baada ya wiki tano. Mama aliongea na wageni wote. Mama Kirezi alipokuja akilia, mama alimfariji, wala hakutaja soksi. Mimi hakuniambia kitu. Akitaka maji, alimwita mtoto wa jirani.

Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, alisema bila kunitazama: "Na ule mguu, baliupeleka wapi?"

"Sijui, mama. Sikuuliza."

"Hukuuliza. Kwetu hata kidole kikikatika kinazikwa. Batu banajua mahali."

Jumatatu nilipanda kabaza, baiskeli ya kukodi, mpaka barabara kubwa, na minibasi ikanipitisha Lumbadzi mpaka Lilongwe. Njia nzima nilirudia swali moyoni ili lisinitoroke. Nilimkuta sista yule yule, nikamuuliza mbele ya wenzake, kwa sauti ya kusikika. Alinishika bega. Alinipeleka nyuma ya chumba cha kufulia, akanionyesha bomba jeusi la moshi. Viungo vilivyokatwa vinachomwa hapa, alisema, siku ile ile. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuuliza natafuta nini.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta, nguo imefunika vizuri pale palipokatwa. Hakuuliza. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni.

"Baliuchoma, mama. Siku ile ile."

"Mi nilifikiri iko na kaburi," alisema.

Alikuwa hajawahi kulia mbele yangu, hata Fizi, hata siku ya lori. Sasa alilia wazi, hakujifunika. Nilikwenda nikaketi upande wa kushoto, kwa kuwa palikuwa na nafasi. Baada ya muda mkono wake ulinishukia kichwani, mzito, ukakaa. Sikujua kama ananishika mimi au anajizuia asianguke. Nilikaza shingo nisimtikise.