Zizi Lililojaa Kompyuta

Kwetu Old Moshi kitindamimba ndiye anayerithi nyumba ya mama, hata mama akiwa bado hai. Mimi Eliudi nimerithi nyumba, migomba, ng'ombe mmoja aitwaye Neema, na kompyuta mbovu za ukoo mzima.

Kila Desemba kaka Efraimu hupanda kutoka Dar na kompyuta mpya mkononi, ya zamani kwenye buti. "Eliudi, hii haikubali tena programu mpya, lakini usiitupe. Itakuja kufaa." Dada Rachel wa Arusha naye hakubali kupitwa. Walianza na zile nene zenye kisogo nyuma, wakaja na laptopu zisizowaka bila waya, na siku hizi wanaleta hata zinazowaka vizuri, kosa lao ni kuzaliwa miaka sita iliyopita. Zote nazirundika zizini, maana ndiko pakavu.

Masika ya mwaka jana Neema alizalia nje kwenye mvua, kwa kukosa nafasi. Ndama hakufika asubuhi. Nililia, na sioni aibu kusema. Akashika mimba tena, ya kuzaa Machi, nikaapa kwamba safari hii atazalia ndani.

Nilianzia Kiboriloni, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Aligonga moja kwa kidole akacheka. "Broo, hii plastiki. Mimi nataka chuma."

Basi Jumapili baada ya Krismasi nikazipeleka kanisani. Ibada ikiisha, sadaka za ndizi, mayai na kuku hunadiwa pale nje. Sadaka hairudi nyumbani, nilijiambia, tena na Mungu ataniandikia thawabu.

Mzee Isack, mnadi wetu, aliinua ya kwanza kama anayeinua jogoo. Hakuna aliyetaja bei.

"Si ile ya Efraimu?" Rachel akasema kwa sauti. "Maskini, haina hata mteja!"

Efraimu haaibishwi mbele ya usharika. Akataja bei ya mbuzi. Rachel akapanda, Efraimu akapanda zaidi, wakashindana mpaka kompyuta zote zikaisha. Nilipiga makofi kuliko mtu yeyote.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Mnadani kwetu, anayetaka sifa kamili hanunui akaondoka na mzigo wake. Humpa mtu zawadi.

"Zangu zote nampa mama yangu mzazi!" Efraimu akatangaza.

"Na zangu pia!" akadakia Rachel.

Mama, ambaye kompyuta huigusa akiipangusa vumbi tu, alisimama akitabasamu, akashukuru kwa Kichagga. "Aika, wanangu. Aika sana."

Vigelegele vikapigwa. Mzee Isack akanigeukia. "Haya Eliudi, mbebee mama zawadi zake."

Nilizirudisha zizini kwa toroli, nikiwalaani ndugu zangu kimoyomoyo, tena siku ya Bwana.

Mwaka mpya ulipoingia wakaondoka. Kama kawaida, Efraimu aliniachia funguo za nyumba yake kubwa ya vigae, iliyo hapo hapo nyumbani, ambamo yeye hulala siku kumi tu kwa mwaka.

Machi mvua ikaanza, naye akapiga simu.

"Mdogo wangu, kompyuta za mama hazipati unyevu?"

"Hata tone, kaka. Ziko zizini."

"Safi. Na Neema?"

"Amezaa jike, wote wazima. Nimewatandikia majani ya migomba sebuleni kwako."

"Sebuleni kwangu!" akafoka. Nikamtuliza.

"Kaka, ile nyumba usiiuze. Imekuja kufaa."