Faili Lililokaa kwa Bingwa

Siku ile mjinga alikuwa Bingwa, mwandishi wa programu, na leo analikubali kabla hujamaliza kuuliza. Lakini asubuhi yenyewe alipanda ngazi za ofisi akifoka kama birika lililosahauliwa motoni.

“Shemeji! Umeniharibia programu!”

Mke wa kaka yake, mpimaji wa programu pale kazini, hata hakugeuka. Mbele yake kompyuta tatu, kila moja na mfumo wake, zote zilikuwa zimeandika kwa wekundu: maktaba haionekani.

“Na wewe habari za asubuhi, shemeji.”

“Jana kompyuta zote zilipita majaribio! Leo umegusa nini?”

“Nimezifuta. Kila Ijumaa nazirudisha kama zimetoka dukani.”

“Kompyuta unazisugua kama masufuria!” Bingwa akamgeukia meneja aliyekuwa mlangoni. “Mama, mteja anaitaka saa sita. Huyu kazi imemshinda. Mtoe, sahihi ya kuipitisha nitaweka mimi.”

Meneja akamtazama mpimaji. “Mkataba wako unaisha leo, na bado sijaamua kama nitauongeza. Una la kusema?”

Ndipo shemeji akainuka. “Mama, programu hii haijitoshelezi. Kila ikiamka huazima kazi kwenye faili la maktaba, linalotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Lazima ielekezwe lilipo. Soma ilikoelekezwa.”

Meneja akainama kwenye kioo, akasoma kwa sauti: “Nyumbani, Bingwa, vitu-vyangu, maktaba.” Akanyanyuka. “Bingwa, hii si folda ya kompyuta yako? Sasa jana zilipitaje?”

Bingwa akakumbuka. Jumatatu wekundu ulipomkera, alikuwa amelinakili faili lile kwa mkono wake kwenye kompyuta zote tatu, ndani ya folda zenye jina lake. Kwa muda tu, alijiambia. Muda ukanoga, akasahau.

“Nililiweka mimi,” akanong’ona.

“Na sahihi ulitaka kuweka wewe,” meneja akasema, akauvuta mkataba wa mpimaji na kutafuta kalamu.

Mtu mwingine angenyamaza. Bingwa hasira zikampanda upya. “Lakini kwangu inafunguka! Kwangu kila kitu kipo mahali pake!”

“Kwenu najua kila kitu kilipo, shemeji, kwa sababu nimeolewa kwenu. Mteja hajaolewa.”