Jiwe la Chiku

Mguu wa tatu wa kamera ulikuwa umekita juu ya kaburi la Chiku.

Bi Mboni aliuona alipoinuka kutoka kwenye magugu, panga mkononi. Tangu asubuhi alikuwa akifyeka magofu ya Tongoni, maana jana karani Hatibu alikuja kutoka mjini Tanga kumwambia kwamba yuko Bwana wa Kizungu atakayepiga picha msikiti wa kale na makaburi ya Washirazi, na hataki kuona hata jani. Kazi hiyo Bi Mboni alikuwa akiifanya kwa mwaka wa saba sasa. Alijua kila ufa wa kibla. Alijua vile vishimo vitupu kwenye nguzo za makaburi, zilimopachikwa sahani za Kichina, mpaka wageni wakazing'oa moja moja.

Bwana alishinda akipiga picha vitu vidogo vidogo: ua lililochongwa, tao, kipande cha sahani ya buluu kilichosalia. Alasiri akataka nguzo kubwa nzima. Akarudi kinyumenyume hadi karibu na ukuta, walipolala watu wa kijijini wasio na nguzo. Jiwe la kichwani mwa Chiku likamzuia. Akalisukuma kwa kiatu, likaanguka.

"Hatibu! Mwambie aondoe dude lake hapo!"

Hatibu akaja mbio, soksi zimejaa mbegu za nyasi. "Taratibu, Bi Mboni. Anapima mwanga."

"Anapima mwanga juu ya mwanangu?"

Hatibu akatazama chini. Akasema Kiingereza kidogo, na Bwana akajibu bila kuondoa jicho kwenye kamera.

"Anasema kwenye ramani yake hapo hapana kaburi. Ni mawe tu."

"Mawe tu!" Sauti ya Bi Mboni ilipasuka. "Surua ilimmaliza kwa siku nne. Baba yake alimteremsha humo, na jiwe hilo nililibeba mimi kichwani kutoka pwani. Kwenye ramani hayumo? Basi mwambie amwandike!"

"Mama, nakusihi. Utapoteza kibarua."

"Kibarua changu kufyeka. Si kukanyagiwa mtoto."

Akalitupa panga mbali, kwa kuwa aliuogopa mkono wake mwenyewe. Akaikumbatia ile miguu mitatu, akaing'oa, akaibeba pamoja na kamera yake, Bwana akimfuata kwa makelele, mpaka nje ya ukuta. Akaitua njiani, polepole, kama mtu atuaye mtungi.

Bwana alikagua kioo. Hakikuvunjika. Akafuta jasho, akailenga kamera juu ya ukuta uliobomoka.

"Anasema haidhuru," Hatibu akaita, "hata kutoka huku nguzo inaonekana. Usogee kidogo tu."

Bi Mboni alirudi ndani hadi kaburini. Alilisimamisha jiwe, akalishindilia udongo kwa ngumi, kila ngumi na neno lake ambalo Hatibu hakulitafsiri. Kisha akakaza kanga kiunoni, akaenda kusimama mbele ya nguzo.

"Mwambie apige."

"Hakutaki wewe, Bi Mboni. Anataka nguzo."

"Nimesikia."

Bwana akangoja, kidole juu ya kamera. Bi Mboni naye akangoja. Kivuli cha ukuta wa msikiti kikaanza kumpanda: magotini, kiunoni, kifuani. Usoni jua lilikuwa bado linawaka.