Bega Zima la Povu

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Muulize hata leo, atakwambia mdomo wake ndio uliombebesha.

Wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Povu, kwa sababu akianza kuongea hakuna wa kumsuuza. Kazi yake ilikuwa kuzitoa shuka mashineni zikiwa zimelowa chapachapa, kuzifunga mafurushi na kuyapandisha ngazi hadi darini zinakoanikwa. Zamani mzigo ulipanda kwa lifti. Lifti ikafa, mlangoni ikabandikwa karatasi kwamba inatengenezwa, karatasi nayo ikazeeka ikadondoka. Tangu hapo lifti ikawa mabega ya watu. La Povu, la kulia, lilianza kuuma kwa adabu, jioni jioni tu. Baadaye likamnyima usingizi, mpaka akawa anavishwa shati na mkewe kama mtoto wa chekechea.

Sasa, ghorofani kwenye hospitali hiyo hiyo walikuwa wanatafuta watu wenye maumivu sugu ya bega. Walitaka kulinganisha tiba mbili. Kundi moja lingefanya mazoezi tu, basi. Kundi la pili lingefanya mazoezi kidogo, halafu likae na mtaalamu lizungumze: unaogopa nini, unalalaje, bega likiuma unawaza nini. Nani aende wapi, iliamua kura. Mama Pacha, aliyekuwa akifua na Povu na mwenye bega bovu kama yeye, akaangukia mazoezi. Povu akaangukia mazungumzo.

"Wameona kibovu ni kichwa," Mama Pacha alimcheka. "Mie napewa mpira nivute, wewe unapewa kiti."

"Cheka tu, dada. Mpira ukikukatikia usoni utanikuta nimekaa."

Watafiti walimwomba msimamizi wa kufulia awaweke wote wawili kwenye meza ya kukunja shuka mpaka tiba iishe. Msimamizi alikubali huku ameuma meno. Watu walikuwa hawamtoshi.

Povu alikwenda kwenye mazungumzo shingo upande. Mtaalamu alikuwa binti wa rika la kifungua mimba wake, na hakumwambia kwamba ana wazimu.

"Picha ya bega tumeiona, baba. Hakuna kilichochanika," alisema. "Maumivu ni ya kweli, hujayatunga. Ila umeliogopa bega muda mrefu, umelikaza kama mlango uliopigiliwa misumari, na hofu inayazidisha. Tutaanza na vyepesi, polepole."

Chepesi chenyewe kilikuwa kikombe kitupu juu ya rafu. Mwanzoni Povu alikitazama tu, jasho likamtoka. Siku hiyo ninayoisimulia alikishusha. Akakirudisha. Akakishusha tena, akabaki amekishika, machozi yakimlengalenga.

"Kikubwa unachokiogopa ni nini, baba?"

"Kufukuzwa kazi."

Kwa hilo mtaalamu hakuwa na zoezi. Aliandika kitu, akamtakia siku njema.

Povu akateremka ngazi mbiombio kama aliyepata mtoto. Alipofika mlangoni pa kufulia hakusubiri hata mashine zinyamaze.

"Zima! Bega langu zima! Halijachanika! Kumbe ni woga tu, jamani!"

Mama Pacha alimkata jicho. Hakuliona. Akamkanyaga kidole cha mguu, Povu akaruka tu na kuendelea. Nyuma ya rafu ya sabuni akatokea msimamizi.

"Hebu rudia."

Na yeye akarudia, tena kwa kunyanyua mkono juu, apate kuonekana vizuri.

"Hongera," alisema msimamizi. "Vijana wawili hawajaja leo. Anza na lile furushi la pembeni."

"Bosi, wamesema niende polepole..."

"Si upande ngazi polepole?"

Furushi la kwanza lilifika juu, maji yakimchuruzika mgongoni mpaka kwenye soksi. La pili lilifika kwenye kona ya ngazi. Hapo bega likawaka, vidole vikafa ganzi, na furushi la shuka safi likabingirika ngazi kwa ngazi hadi chini, karibu na msimamizi. Povu akaketi pale pale, amekumbatia mkono wake.

Mama Pacha alikimbia ghorofani, akarudi na yule mtaalamu. Binti alilipapasa bega, akauliza hapa je, na hapa, kisha akasimama.

"Nilisema aanze na kikombe."

"Hapa hatufui vikombe," alisema msimamizi.

"Arudishwe kwenye meza ya kukunja. Mkimlazimisha hivi, tulichojenga chote kinabomoka."

"Sikiliza, binti. Utafiti wako ukiisha unafungasha unaondoka. Mimi huko wodini wananidai shuka. Si mmesema wenyewe hakuna kilichochanika? Basi anaweza. Na kama hawezi, pale getini kuna wenye mabega wanaomba kazi kila asubuhi."

Povu alikwisha kushika ukingo wa ngazi kwa mkono mzima, anajiinua. Woga wa bega ulikuwa umemwacha kabisa. Uliobaki ni ule mwingine.

"Kaa chini," Mama Pacha alimwambia.

"Dada, acha tu, nitajaribu."

"Nimesema kaa!"

"Wewe mama, usijitie yasiyokuhusu," msimamizi alisema. "Wataalamu washasema. Uzito wa huyu uko kichwani mwake."

Mama Pacha alilisukuma furushi kwa mguu mpaka likagusa viatu vya msimamizi.

"Basi wa kichwani muachie mwenyewe. Huu wa chini beba wewe."