Kibati Namba Arobaini na Saba

Kile kibati nilikitupa mimi, Jumamosi asubuhi kabla wageni hawajafika, na nilikitupa chooni makusudi. Nasema mapema ili mtu asije akadhani kilipotea. Mimi Onesphory nikifanya ujinga naufanya kwa mikono yangu miwili.

Kilikuwa kibati cha shaba, duara, chenye tundu juu na namba 47 iliyogongwa katikati. Baba yangu, Mzee Akonaay, alirudi nacho kutoka Tanga mwaka hamsini na tisa, kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa ameondoka hapa kijijini Daudi na vijana wenzake kwenda kukata mkonge. Wenzake walirudi baada ya mwaka mmoja na nusu. Yeye alikaa miaka mitano, barua hata moja hakuandika, halafu siku moja akatokea njia ya Bashay kichwa kimenyolewa upara na kibati kinaning'inia shingoni. Wakamuuliza, mwenzetu, ulikuwa wapi? Akasema nilikuwa sinema.

Sinema! Miaka mitano! Wewe ungekubali?

Akawaeleza kwamba alikuwa analinda baiskeli nje ya jumba la sinema la Mhindi mmoja. Kila baiskeli ilivishwa kibati, na mwenye baiskeli akapewa pacha wa kibati hicho aingie nacho ndani. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baiskeli gani inapewa namba kama askari? Mmoja wa waliokata naye mkonge akaapa kwamba wao manamba walipewa vipande vya karatasi, shaba ni ya wafungwa. Ikaishia hapo. Kosa la kumfunga nalo likatafutwa na halikukosekana: wakasema ameua mtu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mimi shuleni niliitwa Mtoto wa Arobaini na Saba. Nimepigana sana kwa jina hilo, na meno mawili yameng'oka kwa ajili yake. Nikirudi nyumbani damu mdomoni namwuliza baba, ananijibu yaleyale: nilikuwa sinema. Halafu jioni anatusimulia hizo picha. Watu maskini mbele kabisa kwenye mabenchi, shingo zimekunjwa kutazama juu. Wahindi na wake zao kwenye viti vya nyuma, wanapitishiana sambusa. Wanawake wa mjini wamewekewa alasiri yao wenyewe, wanalia na kumtukana mbaya wa kwenye picha kana kwamba anawasikia. Tulikuwa tunamsikiliza midomo wazi. Lakini hadithi ikifika penyewe, mwizi ameshikwa, binti yuko ukingoni mwa mto, baba ananyamaza.

"Halafu?"

"Mwisho siujui. Kazi iliniita."

Kila hadithi hivyo hivyo! Nikiwa mtoto nililia, nilipokua nikaanza kumshuku. Mwongo hukosa mkia wa maneno yake. Tena kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na nyumbani kigoda chake kiko mlangoni hata baridi ya Julai ikikata mifupa. Majirani walisema aliyefungiwa haachi kuuangalia mlango. Na mimi, mwanawe wa kuzaa, niliamini hivyo hivyo. Miaka sitini namwambia shikamoo na moyoni najiuliza huyu alimwua nani.

Sasa binti yangu Jenifa akapata mchumba, Kelvin, kijana wa Endasak, mpole, anajua kazi ya shamba na hanywi. Kwetu kabla ya posa wazee wa upande wa mume huja kuchunguza ukoo. Wakikuta uchawi au wizi watazungumza na pengine watasamehe. Wakikuta damu ya mtu, ndoa hakuna. Jenifa aliniambia wazi, "Baba, nikimkosa huyu siolewi tena." Namjua mtoto wangu, hasemi mara mbili.

Ndiyo maana asubuhi ile baba alipokuwa ananawa uso nilikivua kibati kwenye msumari wake nikaenda nacho chooni.

Walikuja na pikipiki tatu: Kelvin mwenyewe, shangazi yake Helena, na baba yake mkubwa, Mzee Joakimu, ambaye alikuwa anatutazama kama anayenunua dume mnadani, bado tu kutufungua midomo ahesabu meno. Wakamwamkia baba shikamoo, wakaitikiwa marahaba, chai ya maziwa ikanywewa. Mke wangu Paskalina alikuwa jikoni na nyama ya kondoo. Joakimu akaweka kikombe chini.

"Mzee wetu, tusamehe kuuliza. Ulikaa Tanga miaka mitano. Kazi gani?"

"Nililinda baiskeli za sinema."

"Ndani ulikuwa unaingia?"

"Baiskeli zikishatulia, tajiri aliniruhusu nisimame nyuma, kwenye pazia la mlango."

"Basi picha umeziona."

"Mia mbili, labda zaidi."

"Tusimulie moja tu, mpaka mwisho."

Nikajua tumekwisha. Baba akaanza vizuri, na farasi, na kaka wawili waliopotezana sokoni. Akafika mmoja ameinua kisu juu ya mwenzake asijue ni ndugu yake. Akanyamaza.

"Enhe?" Joakimu akasema.

"Mwisho siujui. Kazi iliniita."

Helena akaguna, "Mh!" Joakimu akanishika mkono akanitoa nje, mpaka kwenye zizi.

"Onesphory, mtu aone picha mia mbili asijue mwisho wa hata moja? Mimi ng'ombe akinizalia nusu, siwezi kuita ndama. Halafu tumesikia kuna kibati. Kilete tukione."

"Kibati gani?" nikasema. Mimi, na mvi zangu hizi!

Akaniachia mkono. "Haya. Chakula chenu tutakula, chakula hakikataliwi. Jibu mtaletewa na mshenga."

Jibu likiletwa na mshenga si jibu, ni mlango uliofungwa kwa adabu. Jenifa alikuwa dirishani, alisikia kila neno. Hakulia. Aliingia sebuleni amefura, akawasha televisheni, akachomeka flashi. Kumbe wiki ile alikuwa amewekewa na kijana mmoja wa Mbulu mjini picha ya zamani ya Kihindi, isiyo na rangi, awe anamburudisha babu yake.

"Babu, angalia za kwenu," akasema. "Wanaoshuku na waendelee kushuku."

Nikaona aibu, lakini nani angesimama akazime? Tukala tukiitazama. Palikuwa na mama aliyepotezewa mtoto na jamaa wa mumewe, akamtafuta mpaka mvi zikamtoka, na mtoto amekuwa jambazi wala hajui ana mama. Maneno hatukuyaelewa, lakini kilio hakina lugha. Shangazi Helena akaanza kujifuta kwa kitenge. Joakimu ameshika paja la kondoo na amesahau kuling'ata. Baba kwenye kigoda chake mlangoni, kidevu juu ya fimbo.

Kijana akafikishwa mahakamani ahukumiwe kunyongwa. Mama amepata habari, anakimbia barabarani peku, ngoma zinapigwa kwa haraka. Hapo baba akasimama.

"Mkanda wa mwisho huo," akasema, akavaa kofia, akatoka.

Nikadhani ni haja ndogo. Nikamfuata, maana siku hizi anaweza kuanguka. Nikamkuta ameegemeza fimbo ukutani, ameshika pikipiki ya Joakimu kwa usukani, anaigeuza. Anakaribia miaka tisini! Sijui nguvu alizitoa wapi. Akaielekeza getini, akaipigia stendi, akafuta kiti kwa mkono wa koti. Akaiendea ya pili, akaiweka sambamba na ya kwanza, nafasi ya mtu mmoja kupita katikati. Zote zimeangalia njia, usukani umelala upande mmoja.

"Baba!" nikaita. "Mwisho ndio unafika, njoo uuone!"

Hata kugeuka hakugeuka. "Watu mia tatu watoke kwa mpigo gizani, baiskeli zimelala ovyo, si wataumizana? Nani atazipanga? Wewe?"

Kazi iliniita. Maisha yangu yote alikuwa ananiambia, na hata siku moja sikumwuliza kazi gani.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Joakimu alikuwa mlangoni na lile paja la kondoo mkononi. Ndani Helena alikuwa analia kwa sauti, mama amemfikia mwanawe au hakumfikia, sijui. Joakimu naye hakurudi kuangalia. Alimtazama baba akimaliza ile ya tatu, akashuka uani taratibu, akavua kofia.

Baba akasimama wima mbele ya pikipiki, mkono ameunyoosha, kiganja juu.

"Namba?" akasema, kwa sauti ya kazi ambayo sijapata kuisikia.

Joakimu, mtu mzima yule, akajipapasa mifukoni kweli kweli. Halafu akanigeukia, machozi yanamlenga. "Onesphory, mwezi wa saba tunaleta mahari. Jibu ndilo hilo, mshenga wa nini tena? Ila nakuomba, mletee mzee kibati chake. Mikono hii inakidai."

Nikatazama kule chooni, shimo la futi ishirini. Nilitamani ardhi inipasukie. Jenifa alikuwa ametoka, ameshikana mkono na Kelvin, wote wananingoja mimi.

Baba akanihamishia kiganja. "Namba?"

"Baba, sina," nikasema. "Nimekitupa."

Akanikagua kuanzia viatu hadi kichwa, kama nilivyomkagua yeye miaka yote, kisha akaurudisha mkono wake.

"Asiye na namba anakaa pembeni," akasema. "Anasubiri wote waondoke."

Nikaenda nikasimama kando ya ukuta, nikasubiri.